Setralini na wiki za mwanzo

Mdogo wangu, unauliza kama uache setralini, dawa ya sonona na wasiwasi, kwa kuwa tangu uanze wiki iliyopita tumbo linachafuka, usingizi hauji na wasiwasi umezidi. Pole sana. Usiache kimyakimya, mpigie daktari aliyekuandikia umweleze. Dawa hii hutanguliza maudhi kabla ya nafuu: kichefuchefu mara nyingi hupungua ndani ya wiki 2 hivi, ilhali wasiwasi huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia, pengine zaidi. Imeze asubuhi, baada ya uji au chai na kitafunwa. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile Valium ya jirani, dawa ya kutuliza, unayomeza ili ulale. Mwili huizoea haraka, na ikikutana na pombe inaweza kukandamiza pumzi. Mwambie daktari umeimeza mara ngapi, usione aibu. Tramadoli nayo, dawa ya maumivu, usinunue dukani bila mfamasia kujua unatumia setralini. Zikichanganyika zinaweza kuleta homa, mtetemeko, hata degedege.

Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, hasa kwa umri wako wa miaka 22, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, mama au kaka akusindikize.