Alizeti pori ya kwenye uzio: mafuta, dawa au mbolea?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nipo Magu. Uzio wangu wote upande wa barabara umejaa alizeti pori, maua ya njano tele. Je, mbegu zake zinakamulika mafuta? Na jirani yangu huchemsha majani yake akanywa kila akihisi malaria. Ni sahihi?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Mafuta sahau. Huo uzio wako ni tithonia, jamaa wa mbali tu wa alizeti ya shambani. Tazama jani: la tithonia limegawanyika ncha tatu hadi tano, la alizeti ni zima, na shina la tithonia hukomaa likawa kuni. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mbegu zake ni vijisindano. Mwenye mashine atakucheka.

Alizeti pori iliyozaa hii tunayokamua huota Amerika Kaskazini, na wenyeji wa huko waliifanya zao zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Julai 1805 msafiri Meriwether Lewis aliandika kwamba watu wa Mto Missouri walizikaanga mbegu zake, wakazitwanga kati ya mawe mawili laini, na unga wakautumia kwa mkate au kuongeza uzito wa mchuzi. Wahopi, wenyeji wa Arizona huko Marekani, walipata rangi ya zambarau kutokana na maganda ya mbegu hizo. Usiyajaribu hayo kwa tithonia.

Mali yako ipo kwenye majani. Yakikaushwa, kilo 100 zina takriban kilo 3.5 za naitrojeni na kilo 4 za potasiamu. Fosforasi ni kidogo. Mabichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 80, kwa hiyo kilo 10 za majani mabichi na vikonyo laini zinakupa naitrojeni ya gramu 150 hivi za urea. Hizo zinatosha tuta la mita 1 kwa 10. Katakata, fukia, subiri wiki moja au mbili, kisha pandikiza mchicha au nyanya. Huoza upesi mno, na kwenye luseni, mchanga wetu usioshika kitu, faida utaiona mapema. Ekari nzima ya mahindi sikushauri: utabeba tani kadhaa za majani kichwani, na kibarua utakayemlipa atakula faida yote.

Kuhusu jirani, dawa hiyo ni ya kienyeji kweli, hata maabara imeona kemikali za majani zikiua vijidudu vya malaria. Lakini panya waliopewa maji ya majani hayo waliharibika figo na ini. Akapime zahanati, akikutwa nayo apewe dawa mseto. Mjamzito na mtoto wasiguse kabisa.

Kata kabla ya maua kufunguka, ukiacha kisiki cha nusu mita kichipue. Ukichelewa mbegu zikapukutika, mwakani utaing'oa katikati ya mihogo.