Vijana wa Kiarabu: wameacha dini, au wamewachoka wanaoisemea?

Nasikia vijana wa Kiarabu wanaitupa dini. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Habari hiyo ilivuma mwaka 2019, BBC Kiarabu na taasisi ya utafiti wa maoni ya Arab Barometer walipohoji watu zaidi ya 25,000. Waliojiita "si mtu wa dini" walikuwa wamepanda kutoka asilimia 8 mwaka 2013 hadi 13, na kwa walio chini ya miaka 30 wakafika 18. Wapo waliokimbilia kutangaza msiba. Lakini swali lilikuwa mtu anajionaje, si kama anamwamini Mungu. Unaweza kufunga Ramadhani nzima na bado ukaona haya kujiita mtu wa dini, kwa kuwa alfajiri inakupita kila siku. Tena duru ya utafiti huo ya 2021 na 2022 ilionyesha vijana wa nchi kadhaa, Tunisia ikiwemo, wameanza kurudi. Imani iliyoporomoka zaidi ni ile waliyokuwa nayo kwa vyama vya siasa vya Kiislamu na kwa viongozi wa dini.

Bado wanaitaka demokrasia waliyoandamania? (Msomaji, Mombasa)

Mohamed Bouazizi alikuwa mchuuzi wa matunda. Alijitia moto Sidi Bouzid, Tunisia, tarehe 17 Desemba 2010 baada ya kunyang'anywa bidhaa zake, maandamano yakazuka, na Rais Ben Ali akakimbia nchi 14 Januari 2011. Watunisia walipata kura, kazi hawakupata. Uchaguzi wa bunge wa Desemba 2022 ulipigiwa kura na watu 11 hivi katika kila 100 waliojiandikisha. Ni kweli vyama vikubwa viliususia, lakini wengi hawakuhitaji kuambiwa. Hata hivyo, katika nchi nyingi za Kiarabu, wanaolalamika kwamba uchumi hudorora chini ya demokrasia bado wanaiona bora kuliko tawala nyingine. Anayesema ugali haujaiva hajasema hataki ugali.

Na Sunni na Shia, wanarithi ugomvi wa wazee? (Msomaji, Nairobi)

Oktoba 2019 vijana wa Kishia wa Nasiriyah na Karbala, nchini Irak, waliandamana dhidi ya serikali iliyoongozwa na Washia wenzao, wakisema wanataka nchi. Mamia waliuawa. Mwezi huohuo Beirut, Lebanon, ililia "Kullun yaani kullun", wote yaani wote: viongozi wa kila dhehebu waondoke. Hiyo "yaani" Mswahili hahitaji mkalimani.

Wasaudi je, wanafurahia sinema na magari? (Msomaji, Muscat)

Wengi, ndiyo. Sinema zilifunguliwa Aprili 2018, wanawake wakaruhusiwa kuendesha Juni. Loujain al-Hathloul, aliyeidai haki hiyo kwa miaka, alikamatwa Mei.