Presha ya mzee imeruka usiku, tufanye nini? Maswali yenu na majibu

Tangu wiki jana maswali ya presha za wazee yamekuwa mengi, nikaona niyajibu pamoja. Mimi ni nesi hapa Lamu, nimepima presha za wazee miaka na miaka, na mamangu mwenyewe ni mgonjwa wa presha, kwa hiyo hofu yenu naijua, nimelala nayo.

"Mamangu ana miaka 74, tuko Langoni. Juzi usiku nilimpima ikatoka 192/98, hana maumivu yoyote ila nilishtuka, nikampa amlodipine nyengine juu ya ile aliyomeza asubuhi. Nilikosea?"

Pole sana dada, ulifanya kwa mapenzi, lakini tafadhali usirudie. Amlodipine si dawa ya papo hapo, huchukua kama masaa 6 mpaka 12 kufikia nguvu zake mwilini, yaani ile ya pili haikumsaidia kitu usiku ule, nguvu yake itamkuta alfajiri anaamka kutawadha, presha iko chini, kizunguzungu kimemshika, na ngazi za nyumba zetu mwazijua zilivyo. Nimeona nyonga zikivunjika hivyo hivyo. Halafu ubongo wa mzee uliozoea damu kuja kwa nguvu haupendi ishuke kwa kishindo, ndiyo maana hata ile tabia ya zamani ya kutoboa kidonge cha nifedipine, dawa nyengine ya presha, na kukitia chini ya ulimi iliachwa, watu walikuwa wakipata kiharusi kwa sababu ya kuteremshwa haraka.

Kwanza pima tena, na upime sawasawa. Siku moja mashine ilinisomea 187 kwa mamangu, moyo ukaniruka, kumbe mkono wa kanzu nimeukunja juu umembana, mkojo ameubana tangu magharibi manake choo kiko chini, na anaendelea kunihadithia harusi ya jirani huku mashine yapima. Nikamwambia mama nenda msalani kwanza, akarudi akakaa kitini ameegemea, nyayo ziko chini, mkono nimeupakata juu ya mto usawa wa moyo, dakika 5 hakuna kusema, ikasoma 158. Mtu ni yule yule, nyumba ni ile ile.

Ikiwa umerudia hivyo na bado namba ya juu imefika 180 au zaidi, au ile ya chini imefika 120 au zaidi, na yeye hana dalili mbaya, hesabu vidonge vyake uone kama karuka siku (mara nyingi ndiyo sababu), mpigie anayemtibu siku hiyo hiyo, asipopatikana usiku basi asubuhi mpeleke akaonwe. Dawa ya kuongeza au kubadilisha aseme yeye.

"Tuko Faza. Tutajuaje kwamba hii si ya kungoja kukuche, ni ya kutafuta boti sasa hivi?"

Hapa usiangalie namba, muangalie mtu. Mdomo umeenda upande, mkono mmoja hauna nguvu, maneno yanakoroga au haelewi anachoambiwa, kifua kinambana, pumzi hazimtoshi, macho yameingia kiza ghafla, kichwa kinamuuma vibaya kuliko alivyowahi kuumwa, au amechanganyikiwa hajui yuko wapi. Moja tu katika hizo yatosha, amsheni mwenye boti. Najua habari ya maji kupwa na najua bei ya mafuta usiku, ndiyo nawaambia mpange mapema: namba za watu wawili wenye boti ziwe kwenye simu, na pesa ya dharura iwekwe kando na majirani kwa pamoja.

Mkiona dalili za kiharusi msimpe chakula wala maji, huenda hamezi vizuri yakaingia mapafuni. Msimpe aspirini, manake kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna cha mshipa kupasuka, na kwa macho hamuwezi kutofautisha. Na muandike saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, hilo ndilo daktari atauliza kwanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tu ya mwanzo.

"Babangu yuko Malindi, kliniki husoma 172, nyumbani 144, na akiinuka hupepesuka. Tuamini ipi?"

Zote ni za kweli, kliniki ana wasiwasi na ametembea juani. Mpimeni nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, mara mbili mbili, muandike kwenye daftari muende nalo. Kule kupepesuka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi: mpimeni amekaa, kisha asimame dakika 1 mpaka 3 mpime tena, ikishuka 20 au zaidi ile ya juu, daktari lazima ajue kabla hajamuongeza dawa.

"Kitunguu saumu na ndimu vyamtosha mzee wa presha? Na yeye hutumia dawa ya magoti ya kununua dukani."

Kitunguu saumu ale tu, ni chakula, ila hakishiki nafasi ya kidonge. Hiyo ya magoti ndiyo ya kuulizia! Diclofenac na ibuprofen hushikilia chumvi na maji mwilini, zapandisha presha na kuumiza figo, na wazee wengi wanazimeza kila siku bila kumwambia daktari. Dawa za mafua za kuzibua pua nazo pia. Na jamani ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) na achari, najua utamu wake na mimi nimelelewa nazo, lakini chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na kipande cha ng'onda chaweza kumaliza sehemu kubwa ya hiyo kabla hajagusa mchuzi. Iroweke usiku, mwaga maji, aonje kidogo.

"Ramadhani ikifika aache dawa?"

Asiache hata siku moja, hasa kama dawa yake ya presha ni atenolol, ikikatwa ghafla moyo na presha huruka. Muende kliniki wiki kadhaa kabla, dawa nyingi za mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku bila shida. Ila kama anameza ile ya kukojoza, waulizeni hiyo mahsusi, manake joto la hapa na kufunga kutwa vyaweza kumkausha maji akaanguka.