Kwadi si bodaboda: kabla hujapokea ufunguo, dai mafunzo

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia ujumbe. Amepata kazi ya usimamizi kwenye shamba la mifugo upande wa Kongwa, na mwajiri amemwambia atapewa pikipiki ya matairi manne ya kuzungukia uzio na mabirika ya maji. "Shikamoo dada," akaandika, "mimi boda nimeendesha miaka na miaka pale Chang'ombe. Hiyo ya matairi manne si ndiyo rahisi zaidi? Haihitaji hata balansi. Ila mshahara ndio nataka ushauri, nikubali au niombe waongeze?"

Suala la mshahara nilimjibu kwa mistari miwili. Hilo la balansi ndilo lililoninyima usingizi, na naliandika hapa kwa wote kwa sababu najua wengi mnaonisoma mko kwenye njia hiyohiyo. Mmesoma kilimo au mifugo, mnayataka mashamba makubwa, na mnataka siku moja muwe na la kwenu. Kwenye mashamba hayo kwadi, yaani hizo pikipiki za matairi manne, zimeanza kuingia, na anayekabidhiwa ufunguo karibu kila mara ni yule anayesifika kwa kuendesha boda.

Mimi ni bibi shamba, kazi yangu ni mizabibu kusini mwa jiji la Dodoma, barabara ya Iringa. Shamba nililoanzia kazi lina miteremko na makorongo ambayo trekta haliingii bila kung'oa nguzo, na anayeijua zabibu anajua kwamba ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hausubiri mtu. Salfa isipopita kwa wakati, vichala vinapasuka na msimu unaondoka nao. Kwa hiyo uongozi ulinunua kwadi na tenki la lita 100 la kufungwa nyuma. Ilishushwa kutoka kwenye Fuso asubuhi, aliyeileta akatuonyesha mahali pa ufunguo, gea na breki, akasainiwa karatasi zake, akaondoka. Niliomba aitwe mwalimu. Nikajibiwa kwamba bajeti haina kifungu hicho, na kwamba dereva tunaye tayari, tena mzoefu.

Dereva huyo alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Na kweli alikuwa mzoefu. Alipita Makole, Majengo na Sabasaba saa za jioni bila kugusa mtu, abiria wake walimpigia simu kwa jina, na mishikaki hakubeba hata abiria wakimbembeleza vipi. Nasema haya kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya, kana kwamba alikuwa mhuni. Hakuwa mhuni. Alikuwa dereva mzuri wa chombo kingine.

Ilikuwa Januari, mvua imenyesha usiku, udongo umelainika juu na chini bado ni mgumu. Alikuwa ameshapiga mistari kadhaa, tenki limebaki nusu, anakata kona juu ya korongo kurudi mstari unaofuata. Maji yakahamia upande wa chini. Matairi ya upande wa juu yakanyanyuka. Hapo akafanya kile ambacho mwendesha boda yeyote angefanya bila hata kufikiri: akashusha mguu chini ili azuie. Tairi la nyuma likaunasa mguu, likauvuta, na kwadi ikamfuata juu yake.

Kina mama waliokuwa wakipalilia mistari ya juu ndio waliomwokoa. Walisikia injini inanguruma mahali pamoja bila kusogea, wakakimbia. Mmoja alizima ufunguo. Wengine waling'oa nguzo mbili za mizabibu wakazisukuma chini ya fremu, wakanyanyua kwa pamoja, na mmoja akamvuta kwa mabega. Chombo kile pamoja na maji yaliyobaki kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 300, na kilikuwa kimemlalia kifuani. Daktari alituambia baadaye kwamba kwenye ajali za namna hii wapo wanaokufa bila mfupa mkubwa kuvunjika, kwa kushindwa kupumua tu, kifua kimebanwa na hakuna aliye karibu wa kunyanyua. Mdogo wangu alivunjika paja na mbavu. Anatembea, namshukuru Mungu, lakini mguu mmoja umekuwa mfupi na boda hapandi tena.

Kutoka uongozini swali la kwanza lilikuwa kwadi imeharibika kiasi gani. La pili likawa: "Dereva mzoefu anaangukaje?" Hilo la pili bado linaniuma nikiliandika. Mama mdogo alilisikia akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali ya rufaa, kanga mkononi, hajajua kama mwanawe atapona.

Sasa acha nilijibu hapa, maana siku ile hakuna aliyenisikiliza. Dereva mzoefu wa boda anaanguka na kwadi kwa sababu mwili wake umeshazoea mambo ambayo kwenye kwadi yanaumiza. Boda kwenye kona unalala nayo, chombo chote kinalala. Kwadi hailali. Wewe ndiye unayehama kwenye kiti: mwili unaupeleka upande wa ndani wa kona, na uzito unaukanyagia kwenye kikanyagio cha upande wa nje. Boda ikiyumba, mguu unashuka. Kwenye kwadi mguu haushuki kamwe, unabaki kwenye kikanyagio hata moyo ukienda mbio. Gesi ya boda unaizungusha kwa kiganja, ya kwadi nyingi unaisukuma kwa dole gumba, na mtu akishtuka akashikilia usukani kwa nguvu, dole linasukuma na chombo kinaruka mbele. Zaidi ya hapo, kwadi nyingi za kazi zina ekseli ya nyuma isiyogawanya mwendo. Matairi yote mawili ya nyuma yanazunguka sawasawa, kwa hiyo kwenye kona chombo kinang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Kwenye mchanga kinateleza kidogo na kukusamehe. Kwenye lami tairi zinashika, na kinapinduka. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe wanabandika onyo kwamba isiendeshwe kwenye barabara ya lami, na ndiyo maana naumia nikiona mtu anaikimbiza kwadi pembeni ya barabara kuu kwenda kununua vocha.

Shamba ninalosimamia sasa nililikubali kwa sharti moja, na nililiweka kwenye barua: hakuna anayepanda kwadi bila kufundishwa, kuanzia mimi mpaka mwenye shamba. Alikubali. Tulimleta mwalimu kutoka Arusha ambaye amefundisha madereva wa porini miaka mingi. Siku ya kwanza vijana walidhani watapewa ufunguo. Yeye akaagiza maji yajazwe nusu ya tenki, injini imezimwa, akatuambia tusimame pembeni tuitikise kwadi kwa mikono. Tukasikia maji yanavyopiga ukuta wa tenki na kuirudisha kwadi upande wetu baada ya sisi kuacha kusukuma. Tenki likajaa, tukatikisa tena: zito zaidi, lakini limetulia. Kijana mmoja aliyekuwa akinong'ona kwamba anapotezewa muda alinyamaza. Tangu siku ile kwetu tenki la nusu halipandi mteremko. Unapanga mistari ili maji yaishie tambarare.

Mengine aliyotufundisha nayaona kila siku shambani. Kupanda kilima unasogea mbele kwenye kiti na unashikilia mwendo mmoja. Injini ikizimika katikati huirudishi nyuma ikiserereka, unakanyaga breki na unashuka upande wa juu. Kushuka, unakaa nyuma na gea iko chini. Mteremko wa kukatiza ubavuni unaukwepa kama kuna njia nyingine, na kama hakuna unaegemea upande wa juu wa kilima. Haya unaweza kuyasoma hapa ukayakariri ukiwa kitandani, lakini nakuambia wazi kwamba hayatakusaidia mpaka mtu asimame pembeni akurudishe mara kwa mara hadi mwili wako uache kuwaza boda. Kusoma hakutoshi. Mafunzo ni ya mwili.

Upepo wa tairi nao. Kijana wetu alipeleka kwadi kwa fundi wa pancha, na fundi, kwa nia njema kabisa, akatia 30 kama anavyotia boda. Kwadi nyingi zinataka presha ya psi 4 hadi 7 hivi, ndogo kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha pale kijiweni hakiisomi vizuri. Iliporudi ilikuwa inadundadunda kwenye kila tuta. Kijana aliihisi kabla hajatoka getini, akasimama, akaangalia kibandiko cha kiwanda na kutoa upepo. Nilijivunia siku ile kuliko siku ya mavuno. Angekuwa hajafundishwa, angesema tu barabara ni mbaya.

Kuna wanaoniambia kwamba hizi ni tahadhari za watu wenye hela. Basi tazameni hao wenye hela wamefika wapi. Marekani kulikuwa na pikipiki za porini za matairi matatu, zikaua na kulemaza, mpaka mwaka 1988 serikali na watengenezaji wakakubaliana zisiuzwe tena mpya, na wanunuzi wa zile za matairi manne wapewe mafunzo. Hata hivyo vyombo vya aina hii vya nje ya barabara bado vinaua huko watu zaidi ya 800 kwa mwaka. Australia, ambako kwadi ni chombo cha kila siku cha mfugaji, tangu Oktoba 2021 kwadi mpya ya kazi haiuzwi bila kuwa na chuma cha kumkinga dereva ikipinduka. Wenzetu hao wana helikopta za kubebea majeruhi, na bado wameogopa. Sisi kwenye mabonde ya Bahi na Chamwino kuna mahali hata simu haishiki.

Kwa hiyo ndugu zangu, dai mafunzo. Usione haya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akufundishe kazi yenye hatari na akupe vifaa vya kujikinga bila kukukata mshahara. Hiyo si hisani yake. Ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliza kama mwajiri wako anachangia kabla hujasaini mkataba. Leseni ya daraja la pikipiki uwe nayo, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA wanafundisha udereva wa pikipiki, pitia hapo kama ulijifunzia mtaani kama wengi wetu. Halafu juu ya hiyo udai mwalimu wa kwadi yenyewe. Muuzaji aliyepokea mamilioni ya mwenye shamba anaweza kuleta mtu wa kufundisha, akibanwa wakati wa manunuzi, kabla hela haijatoka.

Kofia ngumu ivaliwe na ifungwe kidevuni. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za pikipiki uliona kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Viatu vifunike kifundo cha mguu, maana ndala na yeboyebo ndizo zinazoteleza kwenye kikanyagio. Dada zangu, kanga na sketi pana ziache ofisini, na wenzetu wafugaji shuka ikazwe au ivuliwe, kwa kuwa nguo ikinaswa na tairi la nyuma inamvuta mwenye nguo. Usibebe mtu. Kiti kile kinaonekana kirefu kwa sababu dereva anahitaji nafasi ya kuhama mbele na nyuma, na abiria akikaa pale anakufunga mwili. Nimewahi kumshusha afisa mmoja mgeni wetu, akanuna, na ningemshusha tena leo.

Ajali ikitokea, zima injini kwanza, nyanyua chombo kifuani mwa mtu haraka iwezekanavyo, kisha mtulize alipo. Msimpakate katikati ya watu wawili kwenye boda kumkimbiza hospitali. Mgongo kama umevunjika, safari hiyo ndiyo inayomlemaza. Tafuteni gari, mlazeni juu ya ubao au mlango, kichwa kishikwe kisitikisike.

Na wenye mashamba, Desemba inakaribia. Wajukuu na wapwa wanakuja kutoka Dar na Mwanza, na kitu cha kwanza wanachokiona ni kwadi imesimama chini ya mwembe. Kwadi ya watu wazima haipandwi na mtoto wa chini ya miaka 16, hata akiwa mrefu, hata akilia, hata kama mjomba amekaa nyuma yake kumshika. Hana uzito wa kuihamisha ikiegemea. Ufunguo utoeni kwenye chombo, muuweke ndani mahali ambapo mtoto hafiki, na mfanyakazi aliye zamu ajue kwamba hata akiagizwa na mtoto wa bosi, jibu ni hapana.