Umeomba Rombo, umeletewa na Kwa Mrombo: kusaka kosa kwenye LIKE

Swali la namna hii la SQL (lugha ya kuulizia kanzidata), lenye LIKE inayolinganisha maandishi na ruwaza, yaani mfano wa herufi unaotafutwa, huandikwa kila siku katika ofisi za Arusha na Moshi, iwe ni kampuni ya utalii, chama cha ushirika cha kahawa au zahanati:

SELECT COUNT(*) FROM wateja WHERE eneo LIKE '%rombo%';

Aliyeuliza anawataka watu wa wilaya ya Rombo, Kilimanjaro. Anarudishiwa watu wa Rombo wakiwa wamechanganyika na wa Kwa Mrombo, Arusha mjini. Kanzidata haijakosea. Herufi r-o-m-b-o zimo ndani ya Mrombo, na alama ya asilimia iliyowekwa pande zote mbili imeruhusu chochote kitangulie na chochote kifuate. Wilaya na mtaa kwake ni kitu kimoja: herufi zilizopangwa mstari.

Wewe unayeanza kazi hii, au uliyekuja fildi kwa wiki nane, tunakusihi ulishike jambo hili mapema: kosa la LIKE mara nyingi halitoi ujumbe wowote. Ukikosea jina la jedwali utagombezwa papo hapo. Ukikosea ruwaza, ripoti inatoka safi, ina jumla yake chini, inapelekwa kikaoni, na watu wanagawa mbolea au dawa kwa namba isiyo ya kweli.

Majibu yakikushangaza, usianze kuchokonoa ruwaza mpaka ilete namba inayokupendeza. Tafuta shahidi mmoja. Mstari mmoja ulioingia bila kualikwa, au mmoja unaojua kwa hakika kwamba ungepaswa kuwemo na haumo. Chukua namba yake ya utambulisho, uuhoji peke yake:

SELECT id, eneo, eneo LIKE '%rombo%' FROM wateja WHERE id = 4127;

Programu za kanzidata hujibu tofauti: MySQL na SQLite zitakujibu 1 au 0, PostgreSQL itakujibu t au f. Kwenye SQL Server huwezi kuliweka sharti hivyo, lizungushie CASE WHEN. Pakirudi pengo tupu, hilo ni jibu la tatu, nalo lina kisa chake huko mbele.

Kama shahidi wako ni mstari uliokosekana, ifupishe ruwaza kutoka mwisho, kisha uirefushe herufi moja moja. Tuseme unamtafuta mkulima wa Bomang'ombe na hapatikani. Jaribu 'Boma%': anapatikana. 'Bomang%': yupo bado. 'Bomang''%' (ritifaa huandikwa mara mbili, sababu iko huko mbele): ametoweka. Kwa hiyo tatizo liko kwenye alama inayofuata baada ya g, na si penginepo. Dakika mbili zimetosha.

Hapo penye ng' ndipo penye matatizo mengi kuliko mahali pengine popote katika data zetu. Bomang'ombe, Ng'iresi, Mang'ola, na majina ya watu yasiyohesabika. Kwenye kibodi ya kompyuta ritifaa ni kile kialama kilichonyooka, ambacho baiti yake ni 27 kwa heksadesimali. Lakini simu nyingi na programu za kuandikia barua hukigeuza chenyewe kuwa kialama kilichopinda, ’, ambacho katika UTF-8, usimbaji wa maandishi unaotumika zaidi, ni baiti tatu: E2 80 99. Kipo pia kile kinachopinda upande wa pili, ‘, yaani E2 80 98, na cha wanaisimu, ʼ, chenye CA BC. Kwa macho vyote ni ng'. Kwa kanzidata ni alama nne tofauti, na LIKE inayotafuta mojawapo haitaziona zile tatu.

Usiyaamini macho. Omba baiti:

MySQL na SQLite: SELECT HEX(kijiji) FROM wakulima WHERE id = 4127;
PostgreSQL: SELECT encode(convert_to(kijiji, 'UTF8'), 'hex') FROM wakulima WHERE id = 4127;

Ukikuta E28099 katikati ya jina, umeshamjua mwizi. Ukikuta badala yake jina linasomeka Bomangâ€™ombe, hiyo ni shida nyingine: faili liliandikwa kwa UTF-8 likasomwa kana kwamba ni Windows-1252, usimbaji mwingine wa zamani, na alama moja imekuwa tatu. Hapo usirekebishe neno moja moja. Rudi kwenye faili la awali uliingize upya kwa usimbaji sahihi.

Dawa ya haraka ya kuwapata wote leo ni kutumia kistari cha chini, ambacho ndani ya LIKE humaanisha alama moja yoyote:

WHERE kijiji LIKE 'Bomang_ombe'

Inapata ritifaa zote nne, maana kistari hubeba alama moja kamili hata kama ni ya baiti tatu. Haitapata Bomangombe bila ritifaa, wala Boma Ng'ombe kwa maneno mawili, na watu huandika hivyo vyote. Dawa ya kudumu ni kuzisawazisha alama wakati data inaingia:

REPLACE(REPLACE(REPLACE(kijiji, '’', ''''), '‘', ''''), 'ʼ', '''')

Zile alama nne zinazofuatana, '''', si kosa la uchapaji. Ndani ya SQL, ritifaa inayokaa katikati ya maandishi huandikwa mara mbili, hivyo Ng'iresi inakuwa 'Ng''iresi'. Programu yako ikivunjika kila mtu anapotafuta jina lenye ng', ujue inaunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali. Usiridhike na kuiongezea ritifaa ya pili. Mlango huohuo ndio mtu mwenye nia mbaya anautumia kuingiza amri zake. Pitisha thamani kama kigezo (parameter), nje ya maandishi ya swali.

Baada ya ritifaa, wanafuata wasioonekana kabisa. Mtu ananakili orodha ya vijiji kutoka ukurasa wa wavuti kwenda Excel, kisha kwenye kanzidata, na nafasi kati ya Sanya na Juu inakuja ikiwa ile nafasi isiyokatika, C2 A0, badala ya nafasi ya kawaida, 20. LIKE 'Sanya Juu%' mara nyingi haimwoni, na TRIM haisaidii, kwa kuwa kwa kawaida huondoa nafasi za kawaida tu, tena za mwanzoni na mwishoni. Au faili la CSV limetoka kwenye Windows na kila mstari umebeba mwishoni baiti 0D, alama ya kumaliza mstari isiyoonekana: LIKE 'Sanya Juu' inakataa, LIKE 'Sanya Juu%' inakubali, na mtu anakesha. Dalili ya huyu wa 0D ni urefu; nafasi isiyokatika haibadilishi idadi ya alama, hiyo itafute kwa zile baiti. Sanya Juu ina alama 9. Omba CHAR_LENGTH(kijiji) kwenye MySQL au length(kijiji) kwenye PostgreSQL. Ukipata 10, kuna mgeni. Kwenye MySQL usitumie LENGTH kwa kazi hii, kwani hiyo huhesabu baiti.

Hapa pana mtego unaowachanganya hata wenye miaka kazini. Katika MySQL, kwa mipangilio ya ulinganishaji (collation) ya zamani kama utf8mb4_general_ci, alama ya = hupuuza nafasi za mwishoni lakini LIKE haizipuuzi. Kwa hiyo kijiji = 'Himo' inakubali na kijiji LIKE 'Himo' inakataa, kwenye mstari uleule. Mpangilio mpya, utf8mb4_0900_ai_ci, hauzipuuzi popote.

Kistari cha chini tulichokisifu kinaweza pia kukugeuka. Stoo nyingi huandika namba za vifaa hivi: MSH_01, ARS_14. Ukitafuta LIKE 'MSH_01%' utaletewa na MSH-01, na MSHA01, na MSH 01. Alama ya asilimia nayo ni hivyohivyo: anayetafuta ankara zenye maneno "VAT 18%" kwa LIKE '%18%%' ataletewa kila kitu chenye 18 ndani yake, pamoja na tarehe 18. Ikinge alama kwa kuitangulizia nyingine, na uitaje:

WHERE maelezo LIKE '%18!%%' ESCAPE '!'

Tunapendekeza alama ya mshangao kuliko ule mkwaju wa nyuma, \. Katika MySQL na PostgreSQL mkwaju huo hukinga bila kutajwa, lakini SQLite, SQL Server na Oracle haziutambui kama kinga mpaka uutaje, na katika MySQL kuutafuta mkwaju wenyewe hukulazimu kuuandika mara nne. ESCAPE '!' inafanya kazi kwenye zote tano. SQL Server ina nyongeza yake: mabano ya mraba nayo yana maana maalumu ndani ya LIKE, kwa hiyo yakinge pia.

Herufi kubwa na ndogo. PostgreSQL na Oracle hutofautisha, na PostgreSQL ina ILIKE kwa asiyetaka kutofautisha. MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida haitofautishi. SQL Server hufuata mpangilio wa ulinganishaji uliochaguliwa. SQLite haitofautishi, ila kwa herufi za kawaida za A hadi Z tu. Anayejenga kwenye kompyuta yake kwa SQLite kisha akahamishia kazi kwenye seva yenye PostgreSQL ataona namba zimepungua bila yeye kugusa kitu. Lile swali letu la kwanza, '%rombo%', lingerudisha sufuri kwa Rombo iliyoandikwa kwa R kubwa, na Kwa Mrombo wote wangebaki! Yaani kinyume kabisa cha alichokitaka.

Sasa lile jibu la tatu. Mstari ambao eneo lake ni NULL, yaani halikujazwa kitu, haukubali LIKE, na haukubali NOT LIKE pia. Jibu lake ni NULL, na WHERE hupitisha kile tu kilicho kweli. Ukiandika WHERE eneo NOT LIKE '%Moshi%' ukidhani umepata wateja wote wasio wa Moshi, umewaacha nje wote ambao hawakujaza eneo. Fanya hesabu hii kila mara: waliokubali, jumlisha waliokataa, jumlisha walio IS NULL, lazima ilingane na jedwali zima. Kama wateja ni 1,200, wa Moshi ni 300 na wasio wa Moshi ni 840, basi 60 wako gizani. Ukiwataka, sema OR eneo IS NULL ndani ya mabano.

Mabano hayo usiyasahau, maana AND hushika kabla ya OR. Swali lenye eneo LIKE 'Moshi%' OR eneo LIKE 'Hai%' AND mwaka = 2024 litakuletea Moshi ya miaka yote, na Hai ya 2024 tu. Wengi huilaumu ruwaza ilhali ruwaza haina hatia.

Upande wa programu, angalia mambo mawili. Ukiandika LIKE '%?%', alama ya kuuliza iko ndani ya alama zinazofunga maandishi, kwa hiyo si kigezo tena. Weka LIKE ? kisha asilimia uziunganishe kwenye thamani yenyewe. Na anayetumia psycopg2, maktaba ya kuunganisha Python na PostgreSQL, akipitisha vigezo, kila asilimia iliyobaki ndani ya swali iandikwe %%. La pili ni kisanduku kitupu: mtumiaji asipoandika kitu, ruwaza inakuwa '%%' na inarudisha kila mstari usio NULL. Kizuie kabla hakijafika kwenye seva.

Namba za simu zinataka uangalifu wa peke yake. LIKE '0754%' inamkosa aliyeandikwa +255754, na aliyeandikwa 0754 kwa vistari anapatikana kwa ruwaza fupi tu. Kama safu ni ya aina ya namba, sufuri ya mbele imeshapotea. Zihifadhi kama maandishi, kwa umbo moja: 255 na tarakimu 9, bila nafasi.

Tarehe usizitafute kwa LIKE kabisa. PostgreSQL itakataa, SQL Server itaigeuza datetime kuwa maandishi ya umbo jingine na kukurudishia sufuri. Tumia tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01'.

Kuhusu kasi: 'Moshi%' inaweza kutumia faharasa (index), '%Moshi' haiwezi kutumia faharasa ya kawaida. Kwenye PostgreSQL, kama mpangilio wa ulinganishaji wa kanzidata si ule uitwao C, hata ile ya kwanza itahitaji faharasa yenye text_pattern_ops. Amri ya EXPLAIN itakuonyesha.

Turudi Rombo. Mtu atakuambia utumie regeksi (regular expression, ruwaza yenye uwezo kuliko LIKE) yenye mipaka ya neno, '\mRombo\M' kwenye PostgreSQL au '\\bRombo\\b' kwenye MySQL 8, na kweli itamwondoa Mrombo. Kumbuka tu kwamba regeksi hukubali popote ndani ya maandishi mpaka uifunge kwa ^ na $, tofauti na LIKE inayolinganisha maandishi yote. Lakini majina ya kwetu yatakushinda hata hivyo. 'Sokon I%' italeta na Sokon II. '%Meru%' ikiwa haitofautishi herufi italeta na Arumeru. 'Moshi%' inaiacha Old Moshi, '%Moshi%' inaibeba, na '%Mosh%' inakuletea Moshono ya Arusha. Mkoa, wilaya na kata viwe safu tatu zenye misimbo, zinazochaguliwa kutoka kwenye orodha wakati wa kusajili, na safu ya maandishi huru ibaki kwa maelezo kama "karibu na kanisa, geti la bluu". Wakati unahamisha zile za zamani, andika SELECT kwanza, soma majina yote tofauti kwa SELECT DISTINCT eneo, fungua muamala (BEGIN kwenye MySQL, PostgreSQL na SQLite), fanya UPDATE, linganisha idadi ya mistari iliyoguswa na ile uliyoihesabu, ndipo uandike COMMIT kuyathibitisha mabadiliko. Zikitofautiana hata kwa mmoja, yatengue kwa ROLLBACK, kisha mtafute huyo mmoja.