Usinunue gari lingine, rudi kwenye waya kwanza

Mwangaluka wadau. Juzi mdogo wangu mmoja wa Bukoba kanitumia meseji ndefu, kapata seti ya magari ya mashindano yale ya kwenye reli za umeme, njia mbili, anasema gari likitoka pale kwenye kontrola (kile kishikio cha kubonyeza kuongeza mwendo) linakwenda moto kabisa, likifika kona ya mbali linakokota, halafu likirudi huku linachomoka tena. Sasa anataka kujua anunue gari gani lenye mota kubwa zaidi. Nilimjibu kwa kifupi ila najua kuna wengine mpo kimya mnasumbuka hivyo hivyo, kwahiyo leo naandika yote.

Usinunue gari. Narudia, usinunue gari, shida ipo kwenye waya.

Mimi seti yangu niliitoa soko la mitumba la Mlango Mmoja hapa Mwanza, ilikuja kwenye belo la vitu vya watoto, vipande vya njia vimejaa kiroba kizima, magari mawili, kontrola zimekatwa waya na pawa saplai haipo kabisa. Ni Scalextric ya Uingereza, hawa wapo tangu 1957, Fred Francis ndiye aliyeianzisha, na ukikutana na hilo jina kwenye mitumba wewe beba. Nikaipeleka kwa fundi redio mmoja, simtaji, akaimwaga mezani akacheka mbele ya wateja wake wote, akasema mzee na umri huo bado unanunua midoli, katupe. Ile kauli iliniingia na mpaka leo nikipita pale inaniuma, kwa sababu sikwenda kuomba msaada wa bure, nilikwenda na hela yangu mfukoni. Nikarudisha vitu kwenye kiroba, nikasema hii nitaunga mwenyewe, na nimeunga. Jumapili iliyopita hapa kwangu Nyasaka sebule ilijaa watoto mpaka mlangoni, sasa hivi ni njia nne juu ya plaiwudi mbili, gari halizimiki kona yoyote, na baba zao waliokuja kuwachukua wakashika kontrola wao wakagoma kuondoka mpaka usiku. Mama watoto ndiye aliyewafukuza. Ile kazi nimeifanya kwa mikono yangu na najivunia, sifichi.

Haya, tuingie kwenye waya wenyewe. Umeme wa hii kitu ni DC, yaani umeme kama wa betri, Scalextric inaanzia volti 12 hivi, chapa nyingine ya Carrera ni 14.8, vile vidogo kabisa vinavyoitwa HO vinataka kama 18 au zaidi. Kila njia ina reli mbili, gari lina nyuzi za shaba chini ya pua zinazogusa reli zote mbili, mota inazunguka, basi. Sasa njia ni vipande vipande na kila maungio yanakula umeme kidogo, ukilisha sehemu moja tu, kufika upande wa pili umeshapita maungio kibao. Sisi wa Mwanza hili tunalijua kwenye maji, wa bondeni anaoga saa yoyote, wa juu kwenye mawe anasubiri usiku wa manane. Na huku ziwani unyevu unaleta kutu kwenye reli, maungio yanazidi kuwa mabaya, mota kubwa unayotaka kununua itavuta umeme mwingi zaidi kwenye maungio hayohayo na hali itakuwa mbaya kuliko sasa.

Dawa yake ni kulisha sehemu nyingi. Unachukua waya laini wa nyuzi nyingi, ile saizi ya 1.5 inayotumika kwenye taa za nyumba inatosha, unautoa pale pale umeme unapoingilia kwenye njia, unaupitisha chini ya plaiwudi na kuulehemu kwenye reli kila baada ya mita mbili tatu. Reli ya kushoto iende na kushoto, ya kulia na kulia, kila njia na rangi yake ya waya, maana ukizichanganya ni shoti hapo hapo. Mimi niliweka alama kila kipande kwa kalamu kabla sijashika lehemu. Watu wanaona hii kazi ya kuweka alama inachosha, wanaruka, halafu wanakuja kulalamika.

Kontrola sasa, hapa ndipo wengi wanaunguza vitu. Hizi za kawaida za resista zina waya tatu na mara nyingi rangi ni hizi: nyeupe inakwenda kwenye chanya ya pawa saplai, nyeusi inakwenda kwenye reli moja, nyekundu inakwenda kwenye hasi ambayo ndiyo inalisha reli ya pili. Hiyo nyekundu ni breki. Ukiachia kidole, nyeusi inagusana na nyekundu, reli zote mbili zinakuwa kitu kimoja, mota inayozunguka inageuka jenereta, umeme wake unapita kwenye hayo maungano na kurudi kwenye mota yenyewe, na gari linajikaba lenyewe. Wengi wanaunga waya mbili tu kwa sababu gari linatembea, halafu wanashangaa kwa nini linaruka nje kila kona. Ukigeuza nyeupe na nyekundu, gari litakimbia lenyewe bila hata kushika kontrola. Ukigeuza nyeusi na nyekundu ndio mbaya, ukibonyeza mpaka mwisho unashikanisha chanya na hasi, moshi utauona, kwahiyo weka fyuzi ya ampea 3 kila njia hata kama unajiamini. Kama unatumia betri la sola umeme ukikatika, fyuzi siyo ombi, lile betri likipata shoti linaweza kuwasha waya na nyumba.

Halafu kuna suala la ohm, yaani kipimo cha jinsi resista ya kontrola inavyozuia umeme. Kontrola ya ohm ndogo kwenye gari lenye mota ndogo, ukigusa tu gari limeruka. Ohm ikizidi kwa mota kubwa, unabonyeza unabonyeza halitembei, ghafla linachomoka. Za kwangu ni 45 na kwa gari za nyumbani za saizi ya 1/32 (gari halisi limepunguzwa mara 32) zinanitosha.

Na pawa saplai, ile adapta moja ya kulisha njia mbili ndio inaleta ugomvi kwa watoto, mwenzako gari lake likiruka nje, la kwako linapata umeme wa ziada na wewe unaruka pia. Kila njia ipate yake. Zile za volti 12 ampea 5 za taa za LED na kamera zinapatikana mjini, zipo nyingi.

Ndugu zangu, tusipende kununua kitu kipya kila cha zamani kikigoma. Pima. Kaa chini upime.

Kwahiyo mdogo wangu wa Bukoba fanya hivi. Chukua balbu ya indiketa ya pikipiki ya volti 12 wati 10, iunge waya mbili, bonyeza kontrola mpaka mwisho au mwambie mtu akushikie, kisha tembeza ile balbu kwenye reli kuanzia unapolishia mpaka ile kona. Usipime na mita peke yake bila mzigo, mita itakuonyesha 12 kila sehemu na utaamini njia ni nzima. Balbu ikianza kufifia ghafla, yale maungio uliyotoka kuyapita ndio mabovu, yasugue kwa msasa laini, kaza, na hapo mbele yake ndipo unapolehemu waya wa kwanza. Ukimaliza nitumie picha za chini ya plaiwudi, siyo za juu.