Hicho chuma nyuma ya visigino kwenye picha za kadi za miaka ya 1860

Kile chuma kinachoonekana nyuma ya miguu ya watu kwenye picha ndogo za studio zilizobandikwa kwenye kadi si kiti wala kasoro ya kioo cha kupigia picha. Ni tako la stendi ya chuma ya kutulizia kichwa. Studio ilitegemea mwanga wa paa la vioo, na kolodioni (dawa ya kunata iliyopakwa kwenye kioo ili kinase picha) ilihitaji sekunde kadhaa, siku ya mawingu zaidi. Stendi haikumbana mtu, ilimpa tu pa kuegemeza kisogo asiyumbe. Mkono nao uliwekwa juu ya kiti au nguzo ya bandia kwa sababu hiyohiyo. Gauni pana lilificha tako la stendi, suruali haikuweza.

Kwenye picha hizo wengine huonekana na macho "meupe": huenda walikuwa na macho ya bluu. Kolodioni huitikia zaidi bluu na zambarau, kwa hiyo bluu hutoka nyeupe, nyekundu na manjano hutoka nyeusi, na madoadoa ya uso hukolea kuliko yalivyo.

Mpiga picha alikuwa na haraka kuliko mteja. Kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa kwenye nitrati ya fedha, kikapigiwa picha na kusafishwa kwa dawa kingali kibichi, ndani ya dakika 10 hivi. Kwenye joto, pungufu. Kikikauka, dawa haipenyi.

Ukubwa wa kadi (sm 6 kwa 10 hivi) unatokana na Disdéri, mpiga picha wa Paris, aliyepata hataza mwaka 1854. Kwa kamera ya lenzi nne na kishikio kinachosogezwa, kioo kimoja kilitoa picha nane, na bei ikashuka.